Mistari Saba ya Kuamsha Mashine

Watu wengine huogopa nyoka, wengine huogopa mama mkwe. Benjamini Bujiku aliogopa wingu. Likitanda wingu jeusi juu ya Shinyanga, aliacha alichokuwa anafanya akatazama juu, na si kwa sababu ya mvua, maana Msukuma gani mwenye shamba la mpunga ataikataa mvua? Aliogopa radi. Radi aliiogopa kwa sababu ya umeme, na umeme aliuogopa kwa sababu ya kompyuta moja ya kijivu iliyokaa kwenye kona ya ofisi, ghorofani, pale Kambarage. Mtu mzima, baba wa mtoto mmoja na wa pili njiani, tena mtu aliyewahi kushushwa kwa kamba kwenye maduara ya dhahabu huko Katoro, shimo refu kuliko mnazi, aogope wingu! Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mimi simcheki. Au tuseme namcheka kidogo tu.

Ofisi ilikuwa ya kampuni ya kutafiti dhahabu. Wenyewe walitoboa mashimo porini upande wa Geita, mawe yakapimwa, namba zikaletwa Shinyanga, na kutoka Shinyanga zikasafirishwa kwenda Dar es Salaam kwa njia ya simu. Ni mwaka 1999 huo, intaneti bado kitu cha kusimuliwa. Ofisi nzima ilikuwa na kompyuta nne na laini moja ya simu. Ile ya kijivu ndiyo iliyopiga simu, na nyingine zote zilipitia kwake, kama wapangaji wanaotumia mlango mmoja wa uani. Na pale mlangoni iliwekwa kinga, ili watu wa kampuni nyingine wasije wakachungulia namba za dhahabu kabla ya wenyewe. Kinga hiyo mafundi wanaiita ukuta wa moto. Moto wenyewe huuoni, wala ukuta.

Aliyeifunga mashine hiyo alikuwa fundi wa Dar, jina lake Donatus. Alikaa siku mbili, akala kuku wa kienyeji wanne, akaondoka. Kazi yake ilikuwa safi, ila aliacha kitu kimoja nusunusu. Ule ukuta ulitegemea vipande vya programu vinavyoitwa moduli, ambavyo lazima vipandishwe ndani ya kiini cha mfumo ndipo lango lifanye kazi, na moduli zile hazikupanda zenyewe mashine ilipowaka. Ilibidi mtu akae pale, aandike amri kwenye kioo cheusi, mstari baada ya mstari. Kabla hajaandika, lango limefungwa: barua haitoki, faili halipiti, simu inalia bure. Donatus alimwandikia Benjamini mistari saba kwa penseli. "Andika hivi kila ikiwaka," alimwambia. "Nikirudi mwezi ujao nitaipanga ijiandikie yenyewe." Hakurudi mwezi ujao, wala uliofuata. Baadaye ikasikika amepata kazi Nairobi.

Na umeme wa masika, nani asiyeujua? Unakatika ukinywa chai, unarudi, unakatika ukila mchana. Kila ukirudi, mashine inaamka lakini lango limefungwa, na Benjamini anapanda ngazi mbio na karatasi yake.

Mwanzoni ilikuwa adha tupu. Lakini Benjamini aliajiriwa kama mtu wa redio ya upepo, kwenye kichumba cha chini uani, kuongea na kambi za porini, na tangu simu zije redio ilikuwa inalala siku nzima. Mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu mitatu. Meneja, Bwana Gregory, mtu wa Moshi mwenye haraka, alishaanza kumtazama kwa lile jicho la kuuliza, huyu anafanya nini hapa? Ndipo Benjamini alipogundua kwamba ile mistari saba ndiyo mkate wake. Ofisi nzima hakuna mwingine aliyeijua.

Basi akafanya kama wanavyofanya watu wa kwao wenye dawa ya nyoka. Mwenye dawa hakutajii mti. Anakwenda porini peke yake, anachimba peke yake, anasaga peke yake, wewe unaletewa unga tu. Ukishaujua mti, yeye utamhitaji wa nini? Benjamini alikariri mistari yote, karatasi akaitia kwenye mfuko wa shati na kuufunga kwa pini. Umeme ukirudi alimwambia mhasibu, "Nipishe kidogo, hii inataka utulivu," akaegemea mbele mgongo wake uzibe kioo. Alikuwa anaandika huku midomo inachezacheza, na akimaliza anashusha pumzi ndefu ili watu waone kazi ilivyo nzito. Walimwamini. Na kwa kuwa walimwamini, hakuweza tena kuondoka. Hakuchukua likizo. Shangazi yake alipozikwa Kahama, alikwenda asubuhi akarudi jioni, na njia nzima alikuwa anatazama juu.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakuogopeshwa na maigizo hayo. Sameer, mtoto wa mzee Rajabali mwenye jengo, alikuwa na duka la redio na kompyuta pale chini. Alisomea mambo hayo Dar miaka miwili, na alizaliwa Shinyanga, Kisukuma anakimwaga kama maji.

"Bwana mganga," alimwita siku moja Benjamini akishuka ngazi na jasho lake. "Umeshapunga mashetani?"

"Niache, Sameer."

"Sikiliza, ndugu yangu. Hiyo mashine ina faili ambalo huwa inalisoma yenyewe kila ikiwaka, mwisho kabisa wa kuamka kwake. Linaitwa rc.local. Ukiandika amri zako humo mara moja, basi. Umeme ukatike mara mia, moduli zinapanda zenyewe. Nipe hizo amri, dakika kumi nakuwekea. Bure."

"Yaya," Benjamini alikataa, mkono ukaenda wenyewe kwenye mfuko wenye pini. "Hii yetu ni ya aina nyingine."

"Aina nyingine!" Sameer alicheka mpaka akashika kaunta. "Haya, shauri yako."

Usiku ule alimweleza mkewe, Wema. Wema alikuwa na mimba ya miezi minane, miguu imevimba, na alikuwa amekaa kwenye mkeka akipepeta choroko. Hakucheka.

"Baba Sele, mficha uchi hazai," alisema. "Siku utakapohitajika mahali pengine utafanyaje?"

"Nitahitajika wapi? Nikiiacha ijiamshe, mkataba ukiisha Gregory ananiambia wabeja, ahsante na kwaheri. Tutakula nini? Nirudi kwenye maduara?"

Wema alirudi kwenye choroko zake, maana maduara aliyaogopa kuliko njaa. Kaka yake alifukiwa huko.

Basi ikaja ile Alhamisi ya mwezi wa tatu.

Asubuhi Wema alisikia uchungu kabla ya siku zake. Mdogo wake, Klara, aliyekuja kumsaidia, akamchukua kwa teksi mpaka hospitali ya Mtakatifu Perpetua, hospitali ndogo ya watawa ng'ambo ya reli. Benjamini alitaka kwenda nao. Alishavaa viatu. Lakini siku hiyo ndiyo Bwana Gregory alikuwa anapeleka Dar namba za mashimo arobaini, kazi ya mwaka mzima, na Dar walizitaka kabla ya saa kumi na moja jioni kwa sababu kesho yake kulikuwa na kikao cha leseni. "Zikichelewa hizi," Gregory alikuwa amewaambia wote jana, "tufungashe virago, mimi wa kwanza." Na tangu alfajiri wingu lilikuwa limekaa juu ya mji, zito, halinyeshi wala haliondoki.

"Nenda kazini," Wema alimwambia akipanda teksi, akijishika kiuno. "Sele alichukua siku nzima. Utanikuta."

Akaenda. Roho yake iligawanyika vipande viwili, kimoja kiko ng'ambo ya reli, kingine kiko kwenye kona ya ofisi, na hakuna hata kimoja kilichotulia. Saa nne umeme ukakatika, ukarudi, akaandika mistari yake. Saa tano na nusu ukakatika tena. Safari hii alikosea mstari wa tatu, akaanza upya. Gregory alikuwa amesimama mlangoni anagongagonga kalamu kwenye meno.

"Benjamini, leo usiondoke hapo hata kwenda chooni."

"Ndiyo, bosi."

Saa saba kasoro Klara akatokea. Alikuwa amepanda ngazi mbio, khanga imemfunguka, ameloa, maana mvua ilikuwa imeanza. Hakusalimia mtu.

"Shemeji, twende! Mtoto amekaa vibaya. Daktari anasema lazima apasuliwe, na damu yake ni ndogo. Damu ya kuongeza hospitali nduhu, hakuna kabisa, wanataka ya ndugu. Mimi wamenipima, haifanani. Wamesema yako ndiyo ile ile, waliipima kliniki."

Benjamini alisimama, akakaa, akasimama tena. Alitazama dirishani: radi inamulika upande wa Kizumbi. Alitazama mashine: taa yake ya kijani inawaka, lango liko wazi, mafaili bado. Dar walisema laini yao itakuwa tayari saa nane. Akiondoka na umeme ukakatika, namba hazitaenda. Asipoondoka... hilo hata kulifikiri hakuweza.

"Shemeji!" Klara alipiga meza. "Unangoja nini?"

"Tangulia," alisema kwa sauti ambayo hakuijua. "Dakika kumi na tano. Waambie nakuja, haki ya Mungu nakuja."

Klara alimtazama kama mtu asiyefaa kutazamwa, kisha akashuka. Benjamini naye akashuka nyuma yake, lakini yeye aliingia dukani kwa Sameer. Hakuwa na muda wa maneno. Alichomoa ile pini, akajichoma kidole, akaitandaza karatasi juu ya kaunta. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo mpaka inaonyesha upande wa pili.

"Hizi hapa," alisema. "Nisaidie. Mke wangu anapasuliwa."

Namsifu Sameer kwa jambo moja. Angeweza kumcheka, na alikuwa na haki yote. Alisoma mistari mara moja, akamwambia msaidizi wake achunge duka, akapanda ngazi mbili mbili.

Gregory alikuwa chumbani kwake na mlango wazi, simu sikioni, anabishana na Dar. Benjamini alichungulia. "Bosi, mke wangu yuko hospitali, nakwenda—" Gregory alimpungia mkono bila kugeuka, ule mkono wa kusema sawa, baadaye, usinisumbue. Kama alisikia au hakusikia, Mungu ndiye anajua.

Kwenye kona Sameer alilifungua lile faili, akaandika. Benjamini kwa mara ya kwanza hakuziba kioo. Mistari yake saba, aliyoilinda mwaka mzima kama mtu anavyolinda ng'ombe wa mahari, ilikaa pale mbele ya macho ya mtu mwingine kwa nusu dakika tu.

"Tayari," Sameer alisema. "Sasa tujaribu. Tuizime, tuiwashe."

"Na isipowaka?"

"Itawaka."

"Na isipowaka, Sameer? Mafaili yanaondoka saa nane! Umeweka mkono ndani ya kuamka kwake. Ukikosea humo si itakwama moja kwa moja?"

Sameer alipangusa miwani. Hakutaka kudanganya. "Inaweza kukwama," alisema. "Lakini tusipojaribu, utaondoka hujui kama inajiamsha au haijiamshi. Bora ujue."

Benjamini alitazama saa ya ukutani. Saa saba na dakika kumi na mbili. Alipiga ishara ya msalaba, akainama chini ya meza, akachomoa waya ukutani.

"Hee! Si uzime vizuri kwanza!"

"Umeme ukikatika unazima vizuri?"

Akachomeka. Mashine ikakoroma. Maandishi meupe yakaanza kupanda kwenye kioo, ikaanza kukagua diski yake taratibu, kama mzee anayetafuta miwani. Dakika moja. Mbili. Benjamini alikuwa anasema Salamu Maria chini chini na kuiharakisha mpaka maneno yakagongana. Mashine ikaamka. Sameer akajaribu kupitisha faili dogo kutoka kompyuta ya mhasibu, ambaye alikuwa amekwenda kula mchana.

Halikupita.

"Nimekwisha," Benjamini alisema.

"Subiri." Sameer alisogeza uso karibu na kioo. "Imesema haiioni modprobe, ile amri ya kupandisha moduli. Wewe ukiandika kwa mkono, mashine inajua amri inakaa folda gani. Ikiamka yenyewe inakuwa bado haijui. Lazima uielekeze njia yote, mlango hadi mlango." Akaongeza maneno machache mwanzo wa kila mstari, mara saba. "Chomoa tena."

Kuchomoa mara ya pili kulikuwa kugumu kuliko kwa kwanza. Mkono ulikuwa pale, vidole vimeshika plagi, lakini vilikataa kuvuta. Sameer akainama, akavuta yeye. Wakangoja tena, na kungoja huko asikwambie mtu. Mashine ikaamka, kioo kikatulia. Sameer akapeleka faili. Likapita.

"Nenda," Sameer alisema. "Chukua baiskeli yangu, iko nyuma."

Saa saba na nusu Benjamini alikuwa kwenye matope, anakanyaga pedali, mvua inampiga usoni. Alivuka reli akiwa ameibeba baiskeli begani. Hospitali ya Mtakatifu Perpetua ilikuwa na wodi tatu za bati na chumba kimoja cha upasuaji. Klara alikuwa barazani, na alipomwona alimwonyesha mlango tu. Wema alishaingizwa ndani, hawakuweza kungoja. Nesi alimvuta Benjamini kwenye chumba cha pembeni, akamlaza, akamfunga mpira mkononi, akamchoma sindano. Damu ikaanza kushuka kwenye mfuko.

"Nimwone kwanza," alisema.

"Utamwona, Baba. Fumba na kufumbua kiganja."

Alifumba na kufumbua. Alikuwa anasikia vyombo vinagongana nyuma ya ukuta, na sauti ya daktari ya chini, ya mtu asiye na wasiwasi. Akaanza kupumua. Ndipo radi ikapiga, ile ya kupasua, na balbu juu yake ikazima.

Jambo la kwanza lililomjia, na hili alinieleza mwenyewe kwa aibu, lilikuwa mashine. Alihesabu: sasa imezima. Ikirudi itakagua diski, itapandisha moduli. La pili likaja mara hiyo hiyo na kulisukuma la kwanza nje. Nyuma ya ukuta sauti ya daktari ilikuwa imebadilika.

"Jenereta! Jamani, jenereta! Sioni kitu humu, na mashine ya kufyonza imezima!"

Miguu ikakimbia kwenye korido. Dirisha la chumba cha upasuaji lilipakwa rangi nyeupe na nje kulikuwa kama magharibi kwa lile wingu.

"Athanas yuko wapi?" sauti ya mtawa.

"Amekwenda kula, Sista."

"Ufunguo wa banda?"

"Anatembea nao."

"Vunjeni kufuli basi! Washeni!"

"Sista, hata tukivunja, nani anajua kuiwasha? Ile ina namna yake, anaijua yeye tu. Hapendi mtu asimame karibu akiwasha."

Benjamini alilala pale na sindano mkononi, na maneno yale yakamwingia moja moja. Asikwambie mtu kwamba hofu ina mwisho. Alidhani anaijua yote, kumbe ile ya mwaka mzima ilikuwa mazoezi. Alitaka kuruka kitandani, lakini kile alichoweza kumpa mkewe wakati ule kilikuwa kinashuka kwenye mpira tone kwa tone. Alifumba kiganja na kufumbua. "Mayu, mama wee, Wema," alisema kwa sauti. "Wema, Wema." Kupitia ukuta alimsikia daktari akiita tochi, na mtu akisema betri zimekwisha, na daktari akitoa neno ambalo katika hospitali ya masista halikuwahi kusikika.

Mfuko ulipojaa, nesi alichomoa sindano, na Benjamini akatoka mbio kabla hajafungwa pamba. Alianguka mara moja kwenye mvua kwa kizunguzungu. Karibu na geti akamwona mwanamume wa makamo anakuja mbio, shati limemgandamana, mdomo una mchuzi, ufunguo ameshautoa mbali. Akampita. Mlango wa banda ukafunguliwa, mtu yule akaingia na kuufunga nyuma yake, hata wakati ule akaufunga, na baada ya kitambo chuma kikakohoa, kikakohoa tena, kikanguruma. Taa zikawaka korido nzima. Dakika kumi na moja. Klara alikuwa amezihesabu kwenye saa ya mkononi.

Robo saa nzima hawakuambiwa lolote. Kisha mtoto akalia, kilio kidogo, cha kukwaruza, na baadaye sana nesi akatoka na kusema, "Mtoto wa kike. Mama yuko hai. Amepoteza damu nyingi, na hiyo uliyotoa yote imeingia. Mshukuruni Mungu, daktari alishona kwa kupapasa."

Klara alilia. Benjamini hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwenye banda la jenereta, ngumi imeshakunjwa. Athanas alikuwa amekaa juu ya pipa la dizeli, mikono imemning'inia. Alikuwa na umri wa baba yake mdogo, na Benjamini hata shikamoo hakumpa. Alimshika kola.

"Mke wangu alikuwa mle! Kwa nini hukumwonyesha mtu? Hata mmoja!"

"Nina watoto wanne, kijana," Athanas alisema. "Mwaka juzi niliwaonyesha wenzangu pampu ya maji. Mwezi uliofuata pampu akapewa mwingine, wa mshahara mdogo. Hii ndiyo iliyobaki."

Benjamini alimshikilia kola kwa muda. Alitafuta tusi la kumtukana, na kila alilolipata lilikuwa linamfaa yeye mwenyewe vile vile. Akaiachia kola.

"Nionyeshe mimi," alisema. "Mimi si mtu wa hapa, sitachukua kazi yako. Nionyeshe, ili ukiwa hupo niwashe."

"Yaya," Athanas alisema, akatia ufunguo mfukoni. Alikuwa na aibu, lakini alikataa.

Basi ungemfanya nini? Siku tatu Wema alilala pale akiongezewa maji na damu, na siku tatu Benjamini alimhudumia Athanas. Asubuhi alimpelekea chai na maandazi bandani, mchana ugali na dagaa, jioni wali. Alimnunulia sigara. Alimtandikia mkeka. Akinyanyuka kwenda msalani alimsindikiza. Manesi walicheka, wakasema hawajaona mtu akibembelezwa hivyo isipokuwa bwana harusi. Benjamini hakujali. Mtu mmoja mwenye ufunguo mmoja alikuwa ameshika roho ya mkewe, na yeye hakuwa na la kufanya isipokuwa kumlisha asiondoke.

Jumatatu aliwarudisha Wema na mtoto nyumbani, akaenda kazini amechelewa saa mbili, shati lile lile. Alipanda ngazi kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu. Ijumaa yote hakuwepo, wala Jumamosi, na mvua ilinyesha siku zote hizo.

Bwana Gregory alitoka chumbani kwake anatabasamu.

"Benjamini! Njoo hapa. Namba zilifika Dar saa tisa Alhamisi, leseni imepita. Na nimekuwa nikikuonea bure, nikubali. Alhamisi mchana umeme ulikatika, Ijumaa ukakatika mara tano, nimehesabu, na kila ukirudi lango linafunguka palepale. Hata sijakusikia ukipanda ngazi. Nimewaandikia Dar kuhusu mkataba wako, nimeomba wa mwaka mzima."

Mhasibu alipiga makofi kidogo. Benjamini alisimama katikati ya ofisi. Ilikuwa rahisi mno, jamani, neno moja tu, "Ahsante bosi," na mwaka mzima uko mkononi, maziwa ya mtoto, kodi ya nyumba, na maduara ya Katoro mbali kabisa. Alifungua mdomo alitoe. Lakini badala yake alisikia daktari akiita tochi.

"Sikuwepo, bosi," alisema.

"Hukuwepo wapi?"

"Hapa. Tangu Alhamisi saa saba. Mke wangu alipasuliwa."

Gregory alicheka kidogo, halafu akaacha. "Acha utani. Sasa nani alikuwa anaandika zile amri?"

"Hakuna mtu. Inajiandikia yenyewe. Ingeweza tangu mwanzo."

Lile jicho la zamani la Gregory la kuuliza likarudi taratibu, na safari hii lilikuwa na jibu.

"Unajua unachoniambia, Benjamini?"

"Najua, bosi." Alivuta kiti cha pili mpaka kwenye ile kona, akavuta na cha tatu kwa ajili ya mhasibu, akavipanga mbele ya kioo. "Kaeni hapa karibu," alisema, "niwaonyeshe."